Kabla Maji Hayajafika Bombani: Bonde la Zigi na Wajibu Wetu

(Maneno yaliyotolewa na Mweka Hazina kwa niaba ya Kamati ya Fedha katika harambee ya mwaka)

  

Kamati ya Fedha tumezoea kusimama mbele yenu na karatasi za mapato na matumizi. Karatasi hizo mnazo mwishoni mwa kijitabu hiki, na tunaomba mzisome zote. Lakini mwaka huu Mwenyekiti ametuomba tuseme kwanza habari za kitu tunachokichangia, kwa kuwa watoto wengi tuliozaa mjini wanajua bei ya uniti moja ya maji lakini hawajui maji yenyewe yanatoka mlima gani. Kwa hiyo leo tunasimulia habari za bonde letu, bonde la Mto Zigi. Fedha tutazisema mwishoni.

Zigi si mto mkubwa. Ukiweka ramani ya Tanzania ukutani utaona Pangani, utaona Rufiji na Ruvuma, lakini Zigi utaitafuta kwa miwani. Inaanzia katika misitu ya Usambara Mashariki, kwenye vijito vingi ambavyo kila kimoja kina jina lake na ukoo wake, inashuka kuelekea mashariki, inapita Kisiwani chini ya Amani, inaingia nchi ya tambarare ya Wabondei, inapokea maji ya Kihuhwi, inatulia katika bwawa la Mabayani, kisha inapita upande wa Amboni na kuingia baharini kaskazini mwa jiji la Tanga, kwenye mikoko. Mtoto anayechota maji asubuhi kwenye kijito juu mlimani na mvuvi anayetengeneza nyavu zake pwani wamefungwa na kamba moja.

Milima yetu ni ya mawe ya kale sana, na ni kiungo kimoja cha safu inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Iko karibu na bahari, na hapo ndipo ilipo siri yake. Upepo wa Bahari ya Hindi unakuja na unyevu, unagonga mlima, unapanda, unapoa, unageuka ukungu na mvua. Amani, iliyo kwenye mwinuko wa mita 900 hivi, hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Masika ni yake na vuli ni yake, na hata katikati ya misimu hiyo mlima haukauki kabisa. Wataalamu wanatuambia hali hiyo imeendelea kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambazo sehemu nyingine za Afrika zilikauka. Ndiyo maana msitu wetu umebaki na viumbe ambavyo kwingine havipo.

Lakini mvua peke yake haitoi mto. Mvua ikianguka juu ya mteremko mtupu, saa mbili baadaye imekuwa tope, na kesho yake kijito ni mawe. Kinachofanya Zigi itiririke Januari na Februari ni msitu. Majani ya juu yanavunja nguvu ya matone, majani yaliyooza chini yanayanyonya kama sifongo, mizizi inayaongoza ndani ya udongo, na udongo unayaachia kidogo kidogo kupitia chemchemi. Sisi watu wa hesabu tungeiita akaunti ya akiba. Mvua ya masika ndiyo amana, na kiangazi ndicho kipindi cha kutoa. Anayekata msitu anachukua amana yote siku moja.

Ndani ya msitu huo kuna mtambara, mti mrefu ambao jina lake la kisayansi limebeba jina la Usambara. Kuna msambu, ambao mbegu zake hutoa mafuta mazito, na mama zetu wengi wamewahi kuziokota na kuziuza. Kuna mbega weupe kwa weusi, kuna hondohondo ambaye sauti ya mabawa yake husikika kabla hajaonekana, kuna vinyonga na vyura wa aina nyingi. Na kwenye miamba yenye kivuli karibu na maji kuna ua dogo la zambarau ambalo wengi wetu tulilikanyaga tukienda kuchota maji. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka ua hilo kwao. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia, kwa heshima ya familia ya yule afisa. Leo linauzwa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, na wanaolinunua wengi hawajui Muheza ni wapi. Biashara yote hiyo ilianzia kwenye miamba ya kwetu, na kijiji hakina hata stakabadhi moja.

Watu wamekaa katika bonde hili tangu zamani sana. Wachunguzi wa mambo ya kale wamekuta ndani ya misitu ya Usambara Mashariki vigae vya vyungu na dalili za makazi ya enzi za mwanzo za chuma. Kwa hiyo yule anayesema msitu huu haukuwahi kuwa na wenyewe anakosea. Msitu ulikuwa na wenyewe, na wenyewe walijua kipi kinakatwa na kipi hakikatwi. Palikuwa na mahali pa matambiko na makaburi ya mababu ambapo shoka halikuingia.

Wazee wametusimulia habari za Mbegha na ukoo wa Wakilindi waliotawala kutoka Vugha, na za Kimweri ye Nyumbai ambaye enzi yake ilifika hadi nchi ya chini karibu na pwani. Kimweri alipofariki mwaka 1862, enzi ikayumba, na miaka michache baadaye Wabondei wakawaasi Wakilindi katika ghasia zilizoitwa Kiva. Jina la Wabondei lenyewe ni watu wa bondeni. Wasambaa juu, Wabondei chini, Wazigua na Wadigo jirani: mto ulikuwa njia ya chumvi, samaki, tumbaku na mazao. Bonde letu halikuwa la kabila moja, na Chama chetu pia si cha kabila moja.

Kisha wakaja Wajerumani. Reli kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, na ilifika Muheza mwaka 1896. Kampuni yao ilikuwa imekwisha fyeka misitu ya Derema ili ipande kahawa. Walitazama miti mikubwa wakadhani ardhi inayobeba miti hiyo lazima iwe na rutuba isiyokwisha. Kahawa ikawaka majani miaka michache, halafu ikadhoofu. Hawakujua kwamba katika milima yetu rutuba nyingi haiko ndani ya ardhi. Iko katika majani yanayoanguka na kuoza kila siku. Ukiondoa mti umeondoa na mbolea. Wazee wetu walilijua jambo hilo bila maabara.

Huko chini mambo yalikuwa mengine. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 nchi yote ya Tanga ikageuka mistari ya mkonge, na sehemu ya chini ya bonde la Zigi pia. Babu zetu wengi walishuka mlimani kwenda kukata mkonge kwa kipande, na nyumba nyingi za bati za mwanzo kijijini zilitokana na fedha hizo.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani kituo cha utafiti wa kilimo na baiolojia, pamoja na bustani ya mimea iliyoletwa kutoka pande zote za dunia. Mpaka leo ukipita huko unaona miti ambayo haina ndugu Afrika. Karibu wakati huohuo ilijengwa reli ndogo ya kilomita 23 kutoka Tengeni hadi Zigi, pale Kisiwani, kwa ajili ya kuteremsha mbao. Reli haipo tena. Nyumba ya mkuu wa stesheni ipo, nayo imekarabatiwa na kuwa mahali pa kupokelea wageni wa hifadhi. Tunapenda kuwaambia vijana kwamba kitu cha kwanza ambacho reli ile ilibeba kutoka kwetu kilikuwa miti yetu, na kitu cha mwisho kubaki ni nyumba ya kupokelea watu wanaokuja kuitazama miti iliyosalia.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliendeleza kituo cha Amani. Hapa mturuhusu, sisi wa Kamati ya Fedha, tujivunie mwenzetu mmoja. Kati ya mwaka 1928 na 1946 aliishi Amani mtu aliyeitwa Reginald Moreau. Hakusomea elimu ya wanyama chuo kikuu. Alikuwa mtu wa hesabu, na kabla ya kuja kwetu alifanya kazi katika ukaguzi wa hesabu za jeshi la Uingereza mjini Cairo. Pale Amani, kwa msaada wa vijana wa kwetu waliojua kila mlio wa msituni, alihesabu ndege, mayai na viota kwa makini yaleyale ya mhasibu, na akawa mmoja wa wataalamu wakubwa wa ndege wa Afrika. Kuna ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, shonaji, anayeitwa kwa jina lake, Artisornis moreaui. Ndege huyo anajulikana Usambara Mashariki na kaskazini mwa Msumbiji tu. Kwa hiyo msidharau wahasibu.

Utafiti wa kilimo ulipohamishiwa Kenya baada ya Vita Kuu ya Pili, majengo ya Amani yakachukuliwa na watafiti wa malaria, na baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika yakawa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Wazazi wetu kadhaa walipata ajira hapo. Mashamba ya chai ya Bulwa, Kwamkoro, Monga na Derema nayo yakaajiri wengine.

Miaka ya 1970 na 1980 ndiyo iliyotikisa bonde. Mashine za kukata mbao ziliingia msituni kwa msaada wa Finland, barabara za magogo zikapasua miteremko, na kwenye mapengo ukaenea mti mgeni wa Maesopsis, ambao mbegu zake husambazwa na hondohondo. Kwa upande wetu, iliki ilikuwa na bei nzuri. Ili iliki ikue, unafyeka vichaka na miche ya chini na kuacha miti mikubwa ya kivuli. Kwa mbali msitu unaonekana upo. Kwa karibu hauna watoto; miti ikizeeka hakuna ya kuirithi. Na shamba la iliki likichoka, mkulima anaingia ndani zaidi. Kabla miaka ya 1980 haijaisha, ukataji wa mashine ulisimamishwa.

Mwaka 1997 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani yenye hekta 8,380, ya kwanza ya aina yake nchini. Baadaye Derema nayo ikawa hifadhi, ili misitu ya kusini na ya kaskazini iungane, na wakulima zaidi ya elfu moja waliachia mashamba yao ya iliki kwa fidia. Tunasema jambo hili kwa heshima ya waliohusika. Fidia hulipwa mara moja, lakini iliki ilikuwa ada ya shule ya kila mwaka. Ufugaji wa vipepeo kwa ajili ya kuuza nje uliwapa akina mama wengi kipato, mpaka usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi ulipopigwa marufuku mwaka 2016. Tukitaka kuzungumza ukweli juu ya uhifadhi, tuanze na ukweli huo: waliobeba mzigo ni watu wa nyumbani.

Na faida imekwenda wapi? Fuateni maji. Mwaka 1978 bwawa la Mabayani lilijengwa, na tangu hapo jiji la Tanga linakunywa Zigi. Viwanda vinatumia Zigi. Hospitali inatumia Zigi. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ili kupanua miundombinu ya maji. Tulipiga hesabu wenyewe: riba peke yake ni zaidi ya shilingi bilioni 7 kila mwaka. Wawekezaji walikubali kutoa fedha zao kwa sababu wanaamini mto huu utaendelea kutiririka. Wakati huohuo bado kuna vitongoji vyetu, juu ya bwawa, jirani na chemchemi, ambako mama anabeba ndoo kichwani kupanda mlima.

Hatusemi hivyo kwa kinyongo. Wengi wetu tuliomo ukumbini tunaishi Tanga na tunalipa ankara hiyo. Sisi ni watu wa juu na ni watu wa chini. Mamlaka imeutambua umoja wa wakulima wahifadhi wa Kihuhwi na Zigi, na kazi ya umoja huo inaonekana. Lakini tunasema kwamba maji yakiwa na thamani ya mabilioni yanapofika bombani, hayawezi kuwa bure yanapotoka kwenye shamba la bibi.

Hatari haijaisha. Katika miaka ya 2000 dhahabu iligunduliwa Sakale, karibu kabisa na vyanzo vya Zigi, na wachimbaji wakafurika. Tope lilishuka, na hofu ya zebaki ikashuka nalo, mpaka Serikali ikaingilia kati. Dhahabu haijaondoka ardhini. Kijana asiye na kazi anajua hilo kuliko sisi, na mabango ya makatazo hayatamshibisha.

Tena kuna jambo lililo karibu zaidi, ambalo halihitaji mchimbaji kutoka mbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sasa tuulizane hapa ndani: vile vipande vya kandokando ya mto vyenye magimbi, miwa na mboga za kiangazi ni vya nani? Ni vya baba zetu. Wengi wa baba hao wametangulia mbele ya haki, na warithi tupo mjini. Shamba tumelikodisha au tumemwachia ndugu. Yeye analima mpaka majini kwa sababu ardhi aliyo nayo ni hiyo, na kila masika ukingo unameguka. Tope hilo linakwenda Mabayani, linapunguza nafasi ya maji, linaongeza dawa ya kusafishia, na mwisho linarudi kwetu ndani ya ankara. Hakuna afisa atakayetufanyia kazi hiyo. Ni mazungumzo ya koo, na wenye neno katika koo hizo ni sisi.

Kwa hiyo Kamati inaleta mbele yenu kazi tatu.

Ya kwanza ni maji ya nyumbani. Tunataka kujengea chemchemi zilizokubaliwa na mikutano ya vijiji, kuweka tangi, na kushusha maji kwa mserereko hadi shule, zahanati na vituo vya kuchotea. Hakuna pampu, hakuna umeme; mlima wenyewe ndio pampu. Kila chanzo kitakuwa na jumuiya ya watumiaji na mfuko wake wa matengenezo, kwa sababu bomba lisilo na fedha ya koki mpya hufa mwaka wa pili.

Ya pili ni kitalu. Familia itakayoachia ukingo wa mto ipewe bure miche ya karafuu, mdalasini, pilipili manga na msambu ya kupanda kwenye shamba la juu, pamoja na miti ya asili ya kurudisha ukingoni. Karafuu haizai mwaka wa kwanza wala wa pili. Ndiyo maana tunaomba nusu ya fungu la kitalu iwe posho ya kazi ya kupanda na kutunza, ilipwe kwa vijana wa kijiji hichohicho.

Ya tatu haihitaji shilingi. Kila mjumbe mwenye shamba la urithi kandokando ya mto akae na nduguze kabla ya masika ijayo, wapime hatua zao, wakubaliane. Tusiende kumwambia mzee wa watu aachie mita 60 kabla sisi wenye mishahara hatujaachia zetu. Wajumbe wa Kamati watakaohusika wataanza, na majina ya vijito vilivyoachwa yatasomwa katika mkutano mkuu ujao.

Kuhusu fedha, hesabu ni hii. Mtu mmoja akitoa shilingi 10,000 kwa mwezi, kwa mwaka ametoa 120,000. Watu 100 wametoa milioni 12. Watu 300 wametoa milioni 36. Hatuhitaji tajiri mmoja wa kutubeba. Tunahitaji watu 300 wasiochoka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenye tundu hakijai, kwa hiyo: akaunti ni ya Chama na si ya mtu, saini ni tatu na moja ni ya mwakilishi wa kijiji, kila malipo yana stakabadhi, na taarifa ya kila robo mwaka itabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji sawasawa na itakavyotumwa kwenye simu zenu. Mama anayebeba ndoo ana haki ya kusoma hesabu hizi kabla ya mgeni rasmi.

Ndugu zetu, bonde hili limetoa mbao, kahawa, chai, iliki, maua na elimu kwa dunia nzima, na sasa linatoa maji kwa jiji zima. Mwacha asili ni mtumwa. Fomu za ahadi ziko mezani kwa katibu, na wale wa mbali watatumiwa namba ya akaunti na katibu wa tawi lao. Jazeni kabla ya chakula, kwa maana baada ya chakula watu huaga.

Wazee mliotoka nyumbani, mkirudi mtusalimie waliobaki. Waambieni tunakuja na miche kabla ya mvua.